Utangulizi: Jicho la Mawe, Jicho la Samaki

Mtu aliyekulia Kolwezi hakufundishwa mawe darasani. Mpe bonge la kijani, atalipima kwa kiganja, ataligeuzageuza juani, kisha atakwambia ni malakaiti na kwamba wanunuzi wa soko la Musompo watalichukua au watalicheka. Mpe jeusi, atakwambia ni heterojeniti, yaani kobalti, na sauti yake itabadilika kidogo, maana kobalti imewajengea wengine nyumba na wengine imewazikia ndugu. Yote hayo anayajua bila darubini wala maabara. Jicho lake limefunzwa na njaa, na soko, na wakubwa waliomtangulia shimoni.

Sasa nenda naye kijitoni, nje kidogo ya mji. Zamisheni kipande cha chandarua penye majani, mkinyanyue taratibu. Humo mtakuta samaki wanane au kumi, kila mmoja mrefu kama kidole: huyu ana madoa meusi ubavuni, yule ana mstari, mwingine hana kitu ila mng'ao wa fedha. Muulize ni samaki gani hawa. "Ni tusamaki tu," atajibu, na moyoni atakuwa ameshawahesabu kuwa kitoweo cha bukari ya jioni.

Kitabu hiki kimeandikwa kwa ajili ya umbali ulioko kati ya majibu hayo mawili. Jicho linaloweza kutenganisha malakaiti na krisokola, na yote mawili ni mawe ya kijani, haliwezi kushindwa na samaki. Kinachokosekana ni mtu wa kukaa naye kando ya karai na kumwonyesha pa kutazama. Mwanafunzi wa biolojia atakitumia kitabu hiki kwa mitihani yake, lakini nilipokuwa nikiandika nilimfikiria zaidi yule mwenye chandarua.

Tuanze na jina, maana litakusumbua ukifungua vitabu vya zamani. Wengi wa samaki hawa ni wa jenasi Enteromius. Kwa zaidi ya karne moja waliitwa Barbus, jina lenye asili yake katika neno la Kilatini la ndevu, kwa sababu ya visharubu vinavyoning'inia pembeni mwa mdomo. Barbus likawa kapu la sokoni. Samaki wa Ulaya walitiwa humo, wakubwa wa Afrika wakatiwa humo, na hawa wetu wa kidole kimoja wakatiwa humohumo. Walipokuja kuchunguzwa ndani ya seli, udugu ule ulianza kutiliwa shaka. Wale wakubwa, jamaa wa kuyu wa Ziwa Viktoria, wana kromosomu zipatazo 150. Hawa wadogo wana 50 hivi. Mwaka 2015 ndipo wadogo wa Afrika walipohamishiwa kwenye jina Enteromius, ambalo Mmarekani Edward Drinker Cope alikuwa amelibuni tangu 1867 na wenzake wakalisahau rafuni. Aina zilizokwisha kupewa majina zinapita 200, na kila anayetafiti kwa makini hurudi na nyingine.

Hapa niseme neno kuhusu dagaa, kwa sababu swali huulizwa kila mara. Ndagala wa Tanganyika, anayefika masokoni kwetu akiwa mkavu, ni jamaa ya sadini; asili yake ni ya baharini. Dagaa wa Mwanza, ambaye Wajaluo humwita omena, yuko upande wa karpu, na kwa hiyo yuko karibu zaidi na visamaki vya kijito cha Kolwezi kuliko alivyo karibu na huyo ndagala anayefanana naye kopo kwa kopo. Soko hutaja ukubwa na namna ya kukausha. Ukoo haliutazami, na silaumu soko kwa hilo.

Wenye sayansi nao wamekosea kwa namna yao. Mwaka 1862 Mjerumani Otto Kersten alipanda Kilimanjaro pamoja na Baron von der Decken, wakageuka kabla ya kufika kileleni. Miaka sita baadaye, mwaka 1868, Wilhelm Peters wa Berlin alimpa heshima msafiri huyo kwa kuliweka jina lake juu ya kisamaki kutoka Zanzibar: kerstenii. Ni samaki mzuri, ana doa jekundu kwenye kifuniko cha shavu. Tangu hapo kila aliyevua kisamaki chenye doa la namna hiyo, awe Kenya, Zambia au bonde la Kongo, alikuwa na jina tayari mfukoni. Jina likasafiri kuliko samaki mwenyewe. Mwaka 2017 watafiti wa samaki wa Kenya, akiwemo Dorothy Nyingi, walipolinganisha vinasaba vya visamaki vya mito ya kwao, walikuta nasaba ambazo majina yaliyopo hayazitoshi. Mwaka huohuo, kazi nyingine juu ya Enteromius wa bonde la Kongo ilikuta hali ileile: aina chache za vitabuni zilipasuka mikononi zikawa kundi zima.

Mfano ninaoupenda zaidi ni wa nyumbani. Mwaka 2020 Bauchet Katemo Manda, mtafiti wa Lubumbashi, pamoja na wenzake wa Ubelgiji na Afrika Kusini, walimtangaza katika jarida la Journal of Fish Biology samaki mpya wa kusini-mashariki mwa Kongo ya Juu. Wakamwita Enteromius thespesios. Neno hilo ni la Kigiriki cha kale; maana yake ni kitu cha ajabu, chenye asili ya kimungu. Kilichowashangaza hata kikaingia kwenye kichwa cha makala yao ni jinsi dume na jike wanavyotofautiana, jambo lisilotarajiwa kwa jamii hii. Fikiria maana yake kwa mtu anayepanga chupa mezani. Dume na jike wasiofanana wanaweza kupangwa kama aina mbili, kila mmoja na lebo yake. Na samaki wanaofanana mno wanaweza kupangwa kama aina moja ilhali ni tatu. Makosa hayo mawili ndiyo yanayokula usingizi wa fani hii, na sehemu kubwa ya sura zijazo ni mbinu za kuyakwepa.

Thespesios hakuzaliwa 2020. Alikuwepo siku zote akivuliwa, akianikwa, akiliwa. Alikuwepo mwaka 1906 kampuni ya Union Minière ilipoundwa, na 1937 mji wa Kolwezi ulipoanzishwa. Katika nchi ambayo ramani ya kila mshipa wa shaba ilikwisha kuchorwa, samaki alisubiri zaidi ya karne moja kuandikwa jina.

Basi utazame wapi? Anza na pezi la mgongo. Mbele yake kuna miiba michache isiyogawanyika, na wa mwisho kati ya hiyo ndio ufunguo wa nyumba. Pitisha ukucha nyuma yake, kutoka juu kwenda chini. Kwa baadhi ya aina utahisi meno madogo kama ya msumeno, kwa mfano Enteromius paludinosus, ambaye kule Ziwa Chilwa nchini Malawi huliwa kwa wingi kwa jina la matemba. Kwa wengine mwiba ni mgumu lakini laini kwa kuguswa, na kwa wengine hata ugumu haupo, unapinda kama unywele. Kabla hujahesabu gamba hata moja umekwisha kugawa karai lako mafungu matatu. Baadaye yanakuja magamba ya mstari wa ubavu, urefu wa sharubu ukilinganishwa na kipenyo cha jicho, na madoa.

Madoa ni mashahidi wa kusutwa. Ni ya kwanza kumvutia mgeni, na yako miongoni mwa yanayobadilika haraka: kwa umri, kwa weusi wa maji, hata kwa hofu. Rangi nyekundu na ya chungwa hutoweka ndani ya chupa mapema, kwa hiyo samaki mpige picha angali hai, majini, kabla hujafanya lolote. Nimeona mkusanyiko mzima wa samaki wa kijivu, umehifadhiwa kwa nidhamu kubwa, na hakuna aliyeandika kama walikuwa na doa jekundu shavuni.

Mto wenyewe sasa. Lualaba huanzia juu ya uwanda wa Katanga, kwenye mwinuko wa mita 1,400 hivi, karibu na mstari unaogawa maji ya Kongo na maji ya Zambezi. Mstari huo si mlima. Mahali pengi ni tambarare la miombo lenye madambo, yale mabonde ya nyasi yanayolowa mvua ya Novemba na kubaki tope hadi Aprili. Ukisimama katikati ya dambo wakati wa masika huwezi kusema maji yaliyo chini ya viatu vyako yatatokea Atlantiki au Bahari ya Hindi. Mito nayo imebadilisha mabwana: Chambeshi, ambao leo humwaga maji yake upande wa Kongo kwa njia ya Bangweulu na Luapula, zamani za kijiolojia ulikuwa ukielekea Kafue. Ndiyo maana visamaki vya kwetu vina binamu upande wa Zambia, na ndiyo maana kitabu kinachoishia mpakani kingekuwa kitabu kibaya.

Chini kidogo ya Kolwezi mto unafanya jambo ambalo mvuvi yeyote atalieleza vizuri kuliko mimi. Unaingia magenge ya Nzilo na kuanguka mita 450 hivi katika mwendo wa kilomita 70 na ushee, hadi unapotulia na kwenda kwa upole kupita Bukama na kuingia bonde la Upemba, lenye maziwa, mafunjo na visiwa vinavyoelea. Samaki wa kidole kimoja hapandi ngazi ya namna hiyo. Wa juu anaweza kusombwa akaenda chini, lakini wa chini hapandi kuja juu. Unapolinganisha kisamaki cha kijito cha Kolwezi na kile cha Upemba unalinganisha majirani ambao njia kati yao ni ya kwenda tu. Hatujui maana ya jambo hilo mpaka tuhesabu miiba na tusome vinasaba vya pande zote mbili.

Mwaka 1952 kichwani mwa magenge hayo lilijengwa bwawa la Nzilo, ambalo wakati huo liliitwa Delcommune, kwa ajili ya umeme wa migodi. Mto uliokuwa ukikimbia juu ya mawe ukawa ziwa. Miaka minne baadaye likafuata bwawa la Nseke, chini zaidi. Watu wengi husimulia mabwawa haya kama habari ya megawati. Kwa samaki ni habari ya hewa na mchanga: aliyezoea maji ya kasi, yenye hewa tele na changarawe safi ya kutagia, amerudi vijitoni, aliyezoea majani na maji yaliyolala amepata nchi mpya. Ukivua ziwani tu utapata picha ya washindi. Panda vijito.

Nitachepuka kidogo, kwa sababu pale Upemba kuna jambo ambalo nashindwa kulipita. Kando ya Ziwa Kisale, mahali paitwapo Sanga, Jacques Nenquin alichimba makaburi mwaka 1957, na Pierre de Maret akaendelea baada yake. Ni makaburi ya watu wa ziwani walioishi tangu zaidi ya miaka 1,000 iliyopita. Walizikwa na vyungu vya ufundi mkubwa na mapambo ya shaba. Na katika makaburi ya vipindi vya baadaye ikaja ile misalaba midogo ya shaba iliyotumika kama mali. Bonde lile halina shaba. Ilishuka kutoka uwanda huu wetu. Shaba na samaki, basi, hawakukutana kwa mara ya kwanza kwenye bomba la kiwanda. Kwa karne nyingi vilibadilishana njia bila kudhuriana, na sioni sababu ya mwanafunzi wa leo kuamini kwamba ni lazima kimoja kimmalize mwenzake.

Ila sasa shaba inammaliza samaki, na ni vyema ujue inavyofanya, kwa sababu haianzi kwa kuua. Jamii hii ya samaki ina vipawa viwili vya hisi. Kimoja ni masikio: vifupa vidogo vinavyounganisha kibofu cha hewa na sikio la ndani, alivyovieleza Ernst Heinrich Weber mwaka 1820, huwafanya wasikie vizuri kuliko samaki wengi. Kingine ni pua. Mwaka 1938 Karl von Frisch, yuleyule aliyekuja kupata Tuzo ya Nobeli kwa lugha ya nyuki, alieleza jinsi kisamaki kimoja cha Ulaya kilivyojeruhiwa na kundi zima likatawanyika. Ngozi iliyochanika ilikuwa imetoa kitu majini, na wenzake walikinusa wakajua kuna adui.

Shaba iliyoyeyuka huishambulia hiyo pua. Majaribio juu ya samoni na samaki wengine yameonyesha kwamba mikrogramu chache tu katika lita moja ya maji hupunguza uwezo wa kunusa. Kwa kiwango kinachozidi hapo shaba hushika mashavu, ikazuia chumvi muhimu isiingie mwilini, na hapo ndipo samaki hufa. Maana yake ni kwamba unaweza kutazama kijito chenye maji maangavu na samaki wanaoogelea, ukaandika "hali ni nzuri", kumbe unawatazama viziwi wa pua. Kambare au ndege mla samaki akitokea, hawatawanyiki. Watoweka mmoja mmoja, bila mizoga, na hakuna mwandishi wa habari atakayeitwa.

Jambo moja linawakinga kwa kiasi. Miamba yenye shaba ya Kolwezi imelala ndani ya dolomiti, jamaa ya chokaa, na maji yanayopita humo huwa magumu. Kalsiamu na magnesi hugombania nafasi na shaba kwenye mashavu ya samaki. Majani yaliyooza nayo huishika shaba na kuifunga. Kwa hiyo kipimo kilekile cha shaba kinaweza kuua katika kijito cha mchanga cha upande mmoja na kuvumilika katika cha upande wa pili. Anayekuletea namba ya shaba peke yake, bila ugumu wa maji na bila asidi, amekuletea nusu ya barua.

Mto Musonoi unapita Kolwezi na kuingia Lualaba. Kwa miongo mingi bonde lake lilipokea tope la mabaki ya viwanda, safu juu ya safu, hata mabaki hayo yakawa mazito kiasi cha kuhesabiwa kuwa ni hazina. Miaka ya karibuni yamekuwa yakichimbuliwa upya, yale ya Kingamyambo na yale ya bondeni mwa Musonoi, ili kutoa shaba na kobalti iliyobaki. Sijui mahali pengine ambapo bonde la mto limegeuzwa jaa, kisha jaa likageuzwa mgodi, mbele ya macho ya watu walewale. Upande wa pili wa mgawanyo wa maji, tarehe 18 Februari 2025, bwawa la mabaki ya mgodi lilipasuka huko Chambishi nchini Zambia, asidi ikaingia Kafue, samaki wakaelea na mji wa Kitwe ukakatiwa maji. Hilo dunia ililiona. Mimi nawafundisha wanafunzi wangu kutafuta lile lisiloelea.

Na hapa ndipo jina linapogeuka kuwa chombo. Huwezi kusema samaki ametoweka Musonoi kama hukuwahi kuandika kwamba alikuwepo. Kazi za mwanzo zipo: George Albert Boulenger alianza kuandika juu ya samaki wa Kongo kabla ya karne ya ishirini kuanza, Max Poll akaandika juu ya samaki wa Hifadhi ya Upemba, baada ya safari ya utafiti ya de Witte ya 1946 hadi 1949. Lakini chupa zao nyingi ziko kwenye makumbusho ya Tervuren, karibu na Brussels. Mwanafunzi wa Kolwezi anayetaka kulinganisha samaki wa kijito kilicho nyuma ya nyumba yao na kielelezo cha kwanza cha aina hiyo anahitaji viza. Picha na eksirei siku hizi hutumwa kwa intaneti, na wenzetu wa kule ni wakarimu, lakini ukucha haupiti juu ya picha. Nasema hivi bila uchungu mwingi. Dawa yake ni chupa zetu wenyewe, zenye lebo za kuaminika.

Lebo andika kwa penseli. Wino wa kalamu huyeyuka ndani ya spiriti, na mwaka mmoja baadaye utabaki na samaki mzuri asiye na kwao. Andika kijito, kijiji, tarehe, kina cha maji, na kitu kilichokuwa chini: mchanga, mawe au tope, na kama ni tope, rangi yake. Kipande cha pezi kwa ajili ya vinasaba kikate kabla ya samaki kutiwa formalini, kwa sababu formalini huviharibu. Kihifadhi kwenye spiriti safi, ndani ya kichupa chenye namba ileile ya samaki mwenyewe. Muulize mwenye mto jina analomwita samaki huyo, kwa Kisanga, Kilunda, Kiluba au Kiswahili chetu, na uliandike kama alivyolitamka, hata kama ni "tusamaki tu".

Anza mwezi wa Mei, maji yanapopungua na vijito kuwa vyeupe. Chukua wa kwanza, mlaze kwenye sinia kichwa kikielekea kushoto. Upande huo wa kushoto, ulio juu, ndio utakaopigwa picha na kuhesabiwa magamba, kwa hiyo usiuguse. Mkasi huenda upande wa kulia.